Njaa na Kilo Zinazorudi Miaka Kadhaa Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Dhana Potofu na Ukweli

Katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, wengi hula kwa kujikumbusha tu. Njaa haiumi, nguo zinapwaya, kila kipimo cha mizani kinaleta furaha. Mwaka wa pili au wa tatu hali hugeuka: njaa inarejea, kilo zinaanza kupanda, na mtu anaacha kwenda kliniki kwa aibu. Aibu hiyo huleta madhara kuliko kilo zenyewe, maana sababu nyingi za uzito kurudi zinaweza kupimwa na kutibiwa, na zikiwahiwa ni rahisi zaidi.

Dhana: Njaa ikirudi, upasuaji umeshindwa, au mwenyewe ameshindwa

Udogo wa tumbo peke yake haukuwa sababu ya njaa kutulia. Ghrelini, homoni inayoamsha njaa, hutengenezwa kwa wingi sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo. Aina moja ya upasuaji, ya kukata tumbo, huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo, sehemu hiyo ikiwemo. Kwenye aina nyingine, baipasi, sehemu ya juu ya tumbo hutengwa kuwa kijitumbo na kuunganishwa na utumbo; chakula hupita kijitumbo hicho kidogo na kuingia haraka katika utumbo mwembamba, na utumbo hujibu kwa kumwaga homoni za shibe, GLP-1 na PYY.

Lakini mwili uliopungua hujitetea. Mafuta yakipungua, homoni ya leptini inayotoka humo hushuka pia. Ubongo hulichukulia jambo hilo kama dalili ya ukame wa chakula: unaongeza hamu ya kula na kupunguza nishati inayotumika hata mtu akiwa amelala. Ndiyo maana uzito hufika chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 24, kisha hupanda kiasi. Utafiti mkubwa wa Sweden unaoitwa SOS, ulioanza kuandikisha watu mwaka 1987, ulionyesha hivyo wazi: waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza hadi wa pili, na baada ya miaka 10 walikuwa bado chini kwa asilimia 25. Kwa hiyo kurudi kwa kilo chache kunatarajiwa. Kinachohitaji uchunguzi ni uzito unaopanda mfululizo, au njaa iliyobadilika ghafla.

Dhana: Tumbo limetanuka, na siku tano za vyakula vya maji zitalirudisha

Ushauri huu unasambaa sana, na hauna msingi. Kijitumbo cha baipasi huanza na ujazo wa mililita 30 hivi, na kulegea kwake kiasi katika miezi inayofuata ni jambo la kawaida. Hakuna supu wala uji unaoweza kuisinyaza nyama ya tumbo iliyotanuka. Kilo zinazopungua siku hizo tano ni maji, na glaikojeni, yaani sukari ya akiba iliyokuwa imehifadhiwa kwenye ini na misuli. Ukirudia chakula cha kawaida, nazo zinarudi. Hasara ya kweli ni protini kukosekana, misuli ikaliwa. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka kwa kiwango cha hatari.

Hata hivyo, kasoro za kimaumbile zipo. Baada ya baipasi, mlango unaounganisha kijitumbo na utumbo unaweza kupanuka kupita sentimita 2, chakula kikapita bila kukaa. Mara chache hutokea tundu linalounganisha kijitumbo na tumbo la zamani. Baada ya kukata tumbo, sehemu ya juu inaweza kuvimba upya kama puto. Shuku mambo haya ikiwa kiasi unachoweza kula kwa mlo mmoja kimeongezeka mno, au kuna kiungulia kipya na maumivu. Majibu hupatikana kwa endoskopia, yaani mpira mwembamba wenye kamera, au kwa picha za eksirei zinazopigwa ukiwa umekunywa dawa ya kuonyesha njia ya chakula. Mlango uliopanuka unaweza kubanwa kwa nyuzi kupitia mpira huohuo, bila kupasua tumbo.

Dhana: Ukisikia njaa, basi mwili unataka chakula

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tulia na usome kwa makini.

Njaa kali inayokuja saa 1 hadi 3 baada ya kula, pamoja na jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio au akili kuvurugika, inaweza kuwa sukari iliyoshuka. Hutokea zaidi baada ya baipasi, mara nyingi mwaka au zaidi ukishapita. Wanga na sukari huingia kwenye damu kwa kasi, mwili humwaga insulini kupita kiasi, na sukari huporomoka, wakati mwingine chini ya 3.0 mmol/L. Mtu hukimbilia pipi au soda, anapata nafuu, kisha baada ya saa mbili mzunguko unaanza upya. Kilo huongezeka kimyakimya namna hii. Ikitokea, pima sukari kama una kifaa, kula gramu 15 za sukari, na ukishapata nafuu ongeza kitu chenye protini kama yai au mtindi usio na sukari. Kinga yake ni kupunguza wanga hadi gramu 30 hivi kwa mlo, kuacha vinywaji vitamu, na kutokula wanga peke yake. Ikijirudia, mwone daktari. Zipo dawa kama akabosi. Ukizimia au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura.

Njaa inayochoma au kutafuna chini ya kifua, ikatulia ukila kidogo, inaweza kuwa asidi au kidonda. Sigara huchangia sana vidonda kwenye kiungio cha baipasi, sawa na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Ukimeza kila siku dawa ya mgongo au magoti, mwambie daktari. Mtu mwenye kidonda anaweza kula mara nane kwa siku akidhani ni ulafi, kumbe anatuliza maumivu.

Kiu nayo hujifanya njaa, hasa kwa kuwa tumbo dogo haliruhusu kunywa kwa mafunda makubwa. Lenga lita 1.5 hadi 2 za maji kwa siku, kidogo kidogo.

Kutenganisha hizi, andika kwa siku 7: saa uliyokula, ulichokula na kiasi, saa njaa ilipokuja, na dalili zilizoambatana nayo. Daftari hilo lina thamani kuliko kumbukumbu yoyote.

Dhana: Nikidonoadonoa kidogo kidogo siwezi kunenepa

Tumbo lililopunguzwa huzuia mlo mkubwa. Halizuii biskuti, aiskrimu, chokoleti wala juisi, ambavyo hulainika na kuteremka bila kujaza. Soda ya mililita 500 ina sukari ya gramu 50 hivi, takriban kilokalori 200, na haiachi shibe yoyote. Kudonoa mchana kutwa bila mpango ni miongoni mwa tabia zinazofuatana sana na kurudi kwa uzito.

Rudia utaratibu wa mlo. Milo mitatu, na kitafunwa kimoja au viwili vilivyopangwa. Protini huliwa kwanza, mboga zifuate, wanga mwisho. Tafuna taratibu, mlo uchukue dakika 20 hadi 30, kisha subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Chagua vyakula vigumu vinavyohitaji kutafunwa. Kuku wa vipande hushibisha kuliko supu ya kuku iliyosagwa.

Lengo la protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, wengine zaidi kulingana na mwili. Mayai mawili hutoa gramu 12, samaki aliyepikwa gramu 100 hutoa kama 22, maharagwe yaliyopikwa gramu 150 kama 12, na kuku gramu 70 kama 20. Jumla ni gramu 66, na vyote vinaenea katika siku moja hata kwa mwenye tumbo dogo. Mwenye ugonjwa wa figo apate kiwango chake kwa daktari.

Dhana: Mazoezi yatamaliza kazi

Peke yake hayashushi kilo nyingi. Kazi yake kubwa ni kulinda misuli na kuzuia uzito usirudi. Dakika 150 kwa wiki ni mwanzo. Kwa kuzuia kilo, 200 hadi 300 hufaa zaidi. Ongeza mazoezi ya nguvu, kama kuinua uzito au kuchuchumaa na kusimama, mara 2 au 3 kwa wiki.

Dhana: Glasi moja ya pombe haina neno

Baada ya baipasi, pombe hupanda kwenye damu haraka na juu zaidi, na hata baada ya kukata tumbo tahadhari ni ileile. Kila gramu ya pombe ina kilokalori 7. Hatari ya uraibu huongezeka kuanzia mwaka wa pili, hata kwa ambaye hakuwahi kuwa mnywaji.

Dhana: Kutumia dawa baada ya upasuaji ni kukiri kushindwa

Unene ni ugonjwa sugu. Kuongeza dawa ni hatua ya kawaida ya tiba. Kabla ya kuongeza mpya, zipitiwe zile za zamani: insulini, steroidi, mirtazapini, olanzapini, valproeti na gabapentini zinaweza kupandisha uzito. Usiache hata moja mwenyewe. Mwulize daktari kama ipo mbadala.

Liraglutidi, semaglutidi na tirzepatidi hupunguza njaa kwa kuiga homoni za utumbo, na zinafanya kazi kwa waliopasuliwa pia. Katika jaribio moja la wiki 24, waliopasuliwa waliotumia liraglutidi miligramu 3.0 kwa siku walipungua karibu asilimia 9, na waliopewa dawa bandia ya kulinganisha, isiyo na tiba ndani yake, chini ya asilimia 1. Dozi hupandishwa polepole kwa sababu ya kichefuchefu, na dawa ikiachwa njaa hurejea.

Dhana: Kilo zimerudi, basi mwili una virutubisho vya kutosha

Hapana. Mtu anaweza kunenepa huku virutubisho kwenye damu vikiwa pungufu. Viwango vya kawaida vya virutubisho vya nyongeza kwa watu wazima ni vitamini B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa siku kwa mdomo, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 iliyogawanywa isizidi 600 kwa mara moja, vitamini D3 kuanzia uniti 3,000, na madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa wanawake wanaopata hedhi. Chuma na kalsiamu zipishane saa 2. Damu ipimwe kila mwaka, maisha yote. Kutapika mfululizo kwa siku kadhaa kunamaliza vitamini B1. Ukianza kuona vitu viwiliviwili au kuyumba unapotembea, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dhana: Suluhisho ni kupasuliwa tena

Upasuaji wa marudio una hatari kubwa kuliko wa kwanza, kwa sababu ya makovu. Una nafasi yake, kwa mfano kubadili tumbo lililokatwa kuwa baipasi pale kiungulia kinapokuwa kikali, au kuziba tundu lililothibitishwa. Njaa tu, bila uchunguzi, haitoshi kuwa sababu.

Jipime mara moja kwa wiki, siku na saa ileile. Kwa maoni yetu, kilo 3 hadi 5 juu ya uzito wako wa chini kabisa, zikidumu miezi miwili, zinatosha kuomba miadi. Nenda na daftari la siku 7, majina ya dawa zote unazotumia pamoja na za kununua bila cheti, na ripoti ya upasuaji inayoonyesha aina na tarehe. Kama ripoti imepotea, iombe hospitali ulikopasuliwa kabla ya siku ya miadi. Bila kujua mpangilio wa tumbo lako, daktari atashindwa kuchagua kipimo sahihi.