"Tusiingilie kazi ya Mungu": dhana ninayoisikia kila mkutano wa kijiji

Mimi ni afisa ugani hapa mkoani Dodoma, na mikutano yetu kuhusu ukame huishia pale pale. Nikishamaliza habari za mbegu na makinga maji, husimama mtu mzima anayeheshimika na kusema: "Bwana shamba, hali ya hewa ni kazi ya Mungu. Ilibadilika kabla yetu, itabadilika baada yetu. Binadamu asiingilie." Watu hupiga makofi, na mkutano unakuwa umekwisha. Makofi hayo yamenichosha, kwa hiyo leo nayajibu kwa maandishi.

"Hali ya hewa hujibadilikia yenyewe, binadamu asiingilie"

Nusu ya kwanza ni kweli. Zama za barafu zilikuja zikaondoka bila gari wala kiwanda. Lakini kutoka zama za mwisho za barafu hadi joto walilolizoea babu zetu, dunia ilipanda takriban digrii 5, na ilichukua maelfu ya miaka. Sisi tumeongeza zaidi ya digrii 1 tangu viwanda vianze, na sehemu kubwa ya hiyo imeingia ndani ya miaka 50 tu. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa za kabonidioksidi, gesi ya moshi inayozuia joto lisitoke duniani. Sasa zimepita 420.

Wala hatubahatishi zimetoka wapi. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo kaboni yake haina tena kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua taratibu kadiri miaka inavyopita na ambayo hupatikana kwenye mti ulio hai, na wanaopima hewa wanaiona alama hiyo. Kama jua ndilo lingekuwa limezidi ukali, anga lote lingepata joto, chini hadi juu. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini linapata joto huku la juu yake, stratosfia, likipoa. Hivyo ndivyo inavyokuwa joto linapozuiwa na gesi huku chini.

Kwa hiyo kuuliza kama binadamu aingilie ni kuchelewa. Ameshaingilia. Tunachoweza kuamua ni kama ataendelea kuharibu au ataanza kutengeneza.

Wazee wa Kigogo hunitajia Mtunya, ile njaa iliyoua watu wengi Ugogo kati ya 1917 na 1920, kuonyesha kwamba ukame ni wa tangu zamani. Naiheshimu sana kumbukumbu hiyo. Lakini mvua ilipokatika, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, yaliyopigana hapa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yalikuwa yameshachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta ghala tupu. Wazee wangu, hata hapo mkono wa binadamu ulikuwepo.

Tazameni Shinyanga pia. Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ili kuwamaliza mbung'o, ikafuata pamba, mifugo ikazidi malisho, hadi miaka ya 1980 mkoa ule ukawa unaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichouinua ni ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kutenga malisho wakati wa mvua ili mifugo ipate cha kula kiangazi. Katika muda wa miaka kama 20, zaidi ya hekta 300,000 zilirudiwa na miti na majani. Mimi pia ni mtu wa kusali, na nauliza kwa moyo mweupe: kati ya aliyefyeka na aliyetenga ngitili, nani alimkosea Mungu?

Tena mkulima anayesema tusiingilie hupuliza dawa ya viwavijeshi, huchanja ng'ombe wake na huchimba lambo. Anafanya vyema. Naomba tu aache kuniambia kwamba hewa peke yake ndiyo isiyoguswa, wakati tumeigusa kwa zaidi ya miaka mia mbili.

"Joto linatokana na tundu la ozoni"

Hapana. Hili nalisikia hata kwa walimu. Ozoni ni tabaka la gesi juu angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua, na kuchakaa kwake kulisababishwa na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia. Mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 1987 kuzipunguza, na tabaka hilo sasa linapona taratibu. Anayedai kwamba binadamu hawezi kurekebisha alichokiharibu angani aanze na habari hiyo.

"Mwaka huu mvua imefurika, ukame umekwisha"

Kila hewa inapoongezeka joto kwa digrii 1, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Ndiyo maana mvua kubwa huwa kubwa zaidi, na udongo ulio wazi nao hukauka upesi siku zisizo na mvua. Mafuriko na ukame vinaweza kumpata mkulima yule yule msimu mmoja.

"Kuingilia ni kumwaga kemikali angani"

Wapo wanaotaka kupunguza mwanga wa jua kwa chembe za salfa, kwa kuwa volkano ya Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka 1991 na kurusha salfa angani, dunia ilipoa karibu nusu digrii kwa muda mfupi. Mimi siungi mkono. Kabonidioksidi ingebaki pale pale, na mvua zetu zingeweza kuvurugika. Kupunguza moshi ndiyo dawa.

"Waliochafua ni wengine, sisi tukae"

Ni kweli Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya kabonidioksidi inayozalishwa na binadamu, na waliotoa nyingi wanapaswa kulipa. Viongozi wetu waendelee kudai. Lakini korongo linalokula shamba lako haliwezi kungoja malipo hayo.

"Tumeshapanda miti"

Mlipanda siku ya mgeni rasmi. Miche ile ililiwa na mbuzi au ilikauka kabla ya Agosti, na mwaka uliofuata mkaomba mingine. Mimi ninachohimiza ni kisiki hai, kwa sababu mizizi imeshafika kwenye unyevu na hakuna cha kumwagilia. Tafuta kisiki cha mgunga au mti mwingine wa asili ambacho kila mwaka huchipua na kubaki kichaka. Bakiza machipukizi matatu hadi matano, yaliyonyooka na yenye afya. Mengine yakate karibu na kisiki kwa panga lililonolewa vizuri, maana panga butu huchana gome na kuingiza magonjwa. Uliyoyabakiza, pogoa matawi ya chini hadi nusu ya kimo, kisha funga kitambaa chenye rangi ili mchungaji ajue kisiki kina mwenyewe.

Fanyeni hivyo kiangazi hiki, kabla ya mvua za Desemba. Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao, pitisheni sheria ndogo ya kuzuia mifugo isiingie katika mashamba yenye vitambaa hivyo hata baada ya mavuno. Rasimu ninayo, atakayeihitaji aje ofisini aichukue.