Kutoka ni Jambo Moja, Kuelekea Wapi ni Jingine: Kiini cha Mvutano wa Brexit

Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza waliulizwa swali moja tu: nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au ijitoe, hatua iliyokuja kuitwa Brexit. Asilimia 51.9 walitaka ijitoe na asilimia 48.1 walitaka ibaki. Karatasi ya kura haikugusia uhusiano gani wa kibiashara ungeshika nafasi ya ule unaovunjwa, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya mvutano uliodumu kwa zaidi ya miaka mitatu baadaye ilizaliwa hapo.

Ili kuuelewa mvutano huo ni lazima kwanza kutofautisha ngazi tatu za ushirikiano ambazo mara nyingi huchanganywa. Katika eneo huru la biashara, nchi hufutiana ushuru kwa bidhaa zao, lakini kila moja hubaki na viwango vyake vya ushuru kwa bidhaa za nchi nyingine, hivyo forodha hulazimika kuthibitisha kila shehena imetengenezwa wapi. Umoja wa forodha huondoa usumbufu huo kwa sababu wanachama wote hutoza ushuru ule ule kwa bidhaa za nje. Gharama yake ni kwamba mwanachama hawezi tena kujadiliana peke yake na nchi ya tatu kuhusu ushuru. Soko la pamoja la Ulaya huenda mbali zaidi, kwani huunganisha kanuni za ubora na usalama na kuruhusu bidhaa, huduma, mitaji na watu kuvuka mipaka bila kizuizi. Uingereza ilikuwa ndani ya ngazi zote hizo, na kila ngazi ambayo ingeshuka ingerudisha kazi mpakani.

Waziri Mkuu Theresa May alitangaza Januari 2017 kwamba nchi itaondoka katika soko la pamoja na pia katika umoja wa forodha. Mwezi huo huo Mahakama ya Juu, kwa majaji 8 dhidi ya 3, iliamua kwamba serikali haiwezi kutoa taarifa ya kujitoa bila idhini ya Bunge. Bunge likatoa idhini bila kuweka sharti lolote kuhusu aina ya makubaliano yatakayotafutwa, na tarehe 29 Machi 2017 barua ikawasilishwa kwa mujibu wa Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya. Muda wa miaka miwili ya majadiliano uliowekwa na kifungu hicho ukaanza kuhesabiwa ilhali baraza la mawaziri lenyewe bado halijaafikiana. Nauona uamuzi huo wa kuwasilisha barua mapema kuwa kosa kubwa kuliko mengine yote ya safari ile, maana anayejadiliana huku muda ukimwishia huwa ameshapoteza sehemu ya nguvu zake.

Ugumu wenyewe ulionekana wazi kwenye mpaka wa Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, mwanachama wa Umoja wa Ulaya, mpaka wenye urefu wa takriban kilomita 500 na zaidi ya vivuko 200 vya barabara. Chukua lori la tangi linalokusanya maziwa kwenye mashamba ya kaskazini na kuyapeleka kusini kusindikwa. Ndani ya soko moja, dereva hasimami popote. Pande mbili zikiwa na ushuru tofauti na kanuni tofauti za afya ya mifugo, ni lazima mtu fulani akague tangi lile na nyaraka zake. Lakini tangu Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, uliomaliza miongo mitatu ya umwagaji damu, vizuizi vya kijeshi vilikuwa vimeondolewa mpakani, na hakuna upande uliotaka kuona kizuizi kingine kikijengwa pale. Serikali ilikuwa imeahidi mambo matatu kwa pamoja: kuondoka katika soko na forodha, kutokuwa na ukaguzi ndani ya kisiwa cha Ireland, na kutokuwa na ukaguzi kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za nchi. Mawili yoyote kati ya hayo yaliwezekana. Yote matatu hayakuwezekana.

Wananchi walichelewa kuelezwa hivyo. Umoja wa Ulaya, ambao mjumbe wake mkuu alikuwa Michel Barnier, ulichapisha misimamo yake, wakati serikali ya London ilisisitiza kuwa haitatoa maelezo ya kila hatua. Usiri una nafasi yake mezani, lakini hapa ulivuka mpaka: tarehe 4 Desemba 2018 wabunge walipiga kura 311 dhidi ya 293 kutamka kwamba serikali imelidharau Bunge kwa kuficha ushauri kamili wa Mwanasheria Mkuu. Ushauri ulipotolewa siku iliyofuata, ulionyesha kwamba mpango wa dharura kuhusu Ireland, uliokusudiwa kuzuia ukaguzi kwenye mpaka ule, ungeweza kuendelea bila kikomo.

Mkataba wa kujitoa ambao May aliafikiana na Umoja wa Ulaya ulikataliwa na wabunge tarehe 15 Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202. Waliokataa hawakuwa kundi moja: wengine waliona unawafunga mno na Ulaya, wengine kwamba unawatenga nayo mno. Tarehe 27 Machi wabunge waligawiwa karatasi yenye mapendekezo manane, na hakuna hata moja lililopata wingi wa kura. Pendekezo la umoja wa forodha lilikosa kwa kura chache, na liliporudishwa tarehe 1 Aprili likakosa kwa kura 3, 273 dhidi ya 276. Wengi waliokuwa wakifuatilia waliita huo ukaidi. Mimi naona watu ambao kila mmoja alikuwa bado anangoja chaguo lake la kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewaambia mapema kwamba halipo.

Boris Johnson, aliyemrithi May kama Waziri Mkuu, aliukwamua mkwamo kwa kuiacha ahadi ya tatu. Uingereza ilijitoa tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikamalizika mwisho wa mwaka huo. Tangi la maziwa bado linavuka kwenda kusini bila kusimama, ila shehena zinazovuka bahari kutoka sehemu nyingine za Uingereza kwenda Ireland Kaskazini sasa huandamana na nyaraka, na tangu 2023 hupita njia mbili tofauti kulingana na iwapo zitaishia huko au zinaweza kuendelea hadi ndani ya Umoja wa Ulaya.