Kugonga gia sio kufa kwa giaboksi, jamani

Wiki hii tena. Mwalimu mmoja kaja na Toyota IST yake ya otomatiki kutoka Newala, kapita Tandahimba, kapita Nanyamba, mpaka hapa Mtwara mjini, mkononi ana karatasi ya fundi wa huko imeandikwa "giaboksi imekufa" na chini yake laki nane na nusu, giaboksi ya mtumba itoke Dar, usafiri juu yake mwenyewe. Hela ya korosho keshaitenga pembeni. Nikamuuliza mwalimu, huyo fundi alivuta stiki ya kupimia akaangalia hidroliki, yani oil ya giaboksi? Hapana. Alifungua boneti? Hapana, aliendesha mpaka barabarani akarudi, akatikisa kichwa. Sasa mwalimu, gari ambayo giaboksi imekufa imekuletaje hapa?

Nimechoka kwa kweli. Kila msimu wa korosho ukiisha watu wanashika hela, wananunua magari, na miezi miwili mbele wanaanza kuja mmoja mmoja na neno hilo hilo, imekufa. Kugonga ni dalili. Mtu akikohoa huendi kumchimbia kaburi.

Tumalize ya mwalimu kwanza. Nikamkalisha kwenye usukani, handbreki juu, mawe kwenye matairi, mguu kwenye breki, boneti wazi, mi nimesimama ubavuni (usisimame mbele ya gari kwenye hili zoezi, hata kama dereva ni mama yako mzazi). Nikamwambia weka D, hesabu mpaka tatu, weka R, rudisha D. Injini ikaruka kama mbuzi aliyevutwa kamba. Mauntingi (kishikio chenye mpira kinachobeba injini na giaboksi) ya upande wa giaboksi mpira umekatika kabisa, nikapitisha bisibisi katikati ikatokea upande wa pili. Ukiweka D gari imesimama, toki konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) inaanza kusukuma matairi, matairi yanagoma kwa sababu umekanyaga breki, kwahiyo nguvu inarudi kuipindua injini upande wa pili, na kazi ya mauntingi ni kuizuia hapo. Mpira ukikatika injini inasafiri kidogo afu inakutana na chuma, ngo! Na sauti inatokea pale pale kwenye giaboksi kwa sababu mauntingi imefungwa kwenye giaboksi. Ndo hiyo maiti.

Tena sailensa yake, yani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, ilikuwa juu, mshale unacheza kwenye 1,100 hivi wakati ingetakiwa iwe mia sita, mia saba na kitu. Throto, mlango wa hewa ya injini, imejaa masizi meusi. Ukiweka D na injini iko juu vile lazima ishtuke hata giaboksi ingekuwa imetoka kiwandani jana. Nikasafisha throto, mauntingi mpya, mwalimu akaondoka na laki nane yake ikiwa imepungua kidogo sana.

Sasa mteja akifika kwangu simuulizi "inagonga?", namuuliza inagonga LINI. Ukiingiza D au R umesimama, angalia mauntingi, sailensa, na joiti za drive shafti. Ikigonga inapobadilisha gia moja tu, mfano ya pili kwenda ya tatu na zingine ziko laini, hapo naanza kufikiria solenoidi (valvu za umeme) au valvu bodi (inayogawa presha ya hidroliki kwenye gia). Mshale wa RPM ukipanda injini inalia na gari haiongezi mwendo, huko sio kugonga, huko ni kuteleza, na kuteleza ndo kunakonitisha mimi, sio kugonga. Watu wanaogopa kelele, gari inayoteleza haigongi basi wanaendesha mpaka klachi za ndani ya giaboksi zinaungua zote.

Halafu ile ya kutetemeka ukiwa kwenye 60 mpaka 80 barabara ya Mingoyo, mguu umelegea kwenye mafuta, gari inatikisika kama inapita kwenye matuta madogo. Kila mtu anasema giaboksi. Inaweza kuwa toki konveta inapojifunga, kweli, lakini mara nyingi kwangu inakuwa koili moja (inayopeleka umeme kwenye plagi) au plagi yenyewe. Ukiwa kwenye mwendo huo na barabara nyeupe nyuma yako, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta. Toki konveta inajifungua palepale. Mtetemo ukikata, lawama iende huko. Ukiendelea vilevile rudi kwenye koili na plagi. Bure kabisa, haihitaji hata mashine.

Haya, tuje kwenye hidroliki, hapa ndo ntakaa maana hapa ndo mnaniudhi.

"Fundi weka hidroliki tu, ni ileile nyekundu." Nyekundu ni rangi! Wanaweka ionekane ikivuja, usije ukachanganya na oil ya injini. Haikwambii chochote kuhusu kilichomo ndani. IST ya kwanza ile ya 2002 kuendelea inatumia hidroliki aina ya T-IV. Toyota za baadaye wakaja na WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na Toyota wenyewe wanasema msichanganye. Nissan Dualis na X-Trail ya T31 zenye CVT zinataka NS-2. Sasa mtu anachukua dumu la Dexron, hidroliki ya gia za kawaida, anamimina kwenye Dualis, afu analeta gari anasema "inagonga gia ya pili kwenda ya tatu". Kaka, CVT haina gia ya pili wala ya tatu! Ina mkanda wa chuma umebanwa katikati ya puli mbili, na kinachofanya mkanda usiteleze ni msuguano wa chuma kwa chuma kupitia hiyo hiyo hidroliki, ndo maana imetengenezwa tofauti. Umeiwekea ya gia za kawaida, mkanda unateleza, unachimba puli, na puli ikishachimbika hakuna dumu litakaloirudisha.

Na kupima. Toyota yenye stiki unapima injini ikiwa imewaka na imepata moto, umeshaendesha kama dakika ishirini, sehemu tambarare, unapitisha gia zote taratibu unarudi P, unavuta, unafuta kwa kitambaa kisicho na manyoya, unarudisha, unavuta tena. Ukipima ya baridi unasoma uongo, unaongeza, sasa imejaa kupita kiasi, mle ndani inapigwapigwa inakuwa povu, na povu halina presha, giaboksi inaanza kuteleza. Umeiua kwa wema. Honda zenyewe ni kinyume, unazima injini kwanza ndo unapima haraka kabla haijapoa. Na za WS nyingi hazina stiki kabisa, kuna nati chini, unaifungua hidroliki ikiwa kwenye digrii 35 mpaka 45 hivi, ikitiririka kidogo kidogo imetosha. Fundi akikwambia hii haina stiki kwahiyo haibadilishwi hidroliki maisha yake yote, mshukuru, chukua ufunguo wako.

Dondoshea tone moja kwenye tishu nyeupe. Nyekundu safi au kahawia kidogo, sawa. Nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua jikoni, hiyo klachi zimeungua. Ikiwa kama maziwa ya stroberi, maji yameingia, na mara nyingi yametokea kwenye rejeta maana hidroliki inapita humo kupoozwa, usiwashe hilo gari tena hata kulitoa geti.

Mashine ya kupima, ile inayosoma namba za makosa kwenye kompyuta ya gari, ni nzuri, nnayo, ila sio mganga. Ikikwambia P0700 imekwambia tu kuna shida kwenye giaboksi, kama unavyoenda hospitali ukaambiwa unaumwa. Soma namba zinazofuata. Ikikuletea P0750 inazungumzia solenoidi, na hapo bado usikimbilie kununua solenoidi, angalia waya. Sisi tuko baharini. Magari yanayolala Shangani na Mikindani, ethi (waya unaofungwa kwenye bodi) ya betri na ya giaboksi zinaota ule unga wa kijani na mweupe, umeme unapita kwa kusitasita, kompyuta inaona solenoidi mbovu. Msasa na dakika kumi. Nishawahi kufungua sampo nzima (bakuli la chini la giaboksi) ya Noah, nikatoa valvu bodi, nikaiosha, nikarudisha, ikagonga vilevile, nikaja kuona ethi imekatika chini ya betri. Sikumwambia mteja. Sikumdai pia.

Afu kuna mnaochomoa betri "ili kompyuta isahau". Inasahau kweli, hata mazuri inasahau. Kompyuta inajifunza presha ya kila gia kulingana na klachi zilivyochakaa, ukiifuta inaanza upya na gari itagonga siku kadhaa mpaka ijifunze tena. Usilete siku ya pili unalalamika.

Sasa swali mnaloniuliza kila siku, gari imetoka Japani imekaa miaka na hidroliki ileile, nibadilishe au niache? Wanasema ukibadilisha inakufa. Mi zamani nilikuwa nasema uongo mtupu, nabadilisha zote. Ila nimeshaona gari mbili nilizobadilisha kwa mkono wangu, hidroliki sahihi kabisa, zikaanza kuteleza ndani ya mwezi. Zilikuwa zinakufa tayari na mwenyewe kaja kwangu kwa sababu alishaona dalili? Nadhani ndivyo. Kuapa siwezi. Siku hizi nikikuta nyeusi inanuka namwambia mteja kabisa kwamba hapa ni bahati nasibu, na sipigi fulashi ya presha, ile ya kuisukuma yote itoke kwa mashine. Namwaga kwa nati tu, kwenye IST inatoka kama lita tatu, nusu nyingine inabaki kwenye toki konveta, natia mpya, anaendesha wiki mbili tatu, namwaga tena. Taratibu. Wenzangu wengine wanacheka, sawa.

Giaboksi zinakufa, sikatai. Ukifungua sampo ukakuta sumaku ina unga mwembamba wa kijivu ni kawaida, ukikuta chenga za chuma unazoweza kuzishika kwa vidole, tafuta giaboksi. Na ya mtumba nayo hujui imetoka kwenye gari gani iliyogongwa wapi, kwahiyo kabla haijafungwa mwagisha, angalia sumaku yake pia, hapo hapo dukani wakununie wakitaka.

Kuna Dualis iko hapa chini ya mkorosho wangu siku ya nne leo. Hidroliki ni NS-2, kiwango sawa, mauntingi nzima, ethi nimepiga msasa, mashine haileti namba yoyote, na bado ukiondoka inajikunyata mara mbili ndo iende, tena asubuhi tu, mchana hamna. Mwenyewe kapiga simu mara tatu. Kesho saa kumi na mbili kabla jua halijapanda naiwasha ikiwa baridi nikae nayo ndani, nisikilize.