Mahakama ya mwanzo kabla haijaitwa hivyo

Ingia mahakama ya mwanzo yoyote huku kanda ya ziwa, iwe Magu, Sengerema au Nansio, utakuta mahali ambapo kwa miaka mingi hakimu aliketi na washauri wasiopungua wawili, ambao watu bado wanawaita wazee wa baraza. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili. Sheria ya Ushahidi inayotumika mahakama za juu haitumiki hapo. Zipo kanuni zake, fupi, za mwaka 1964. Wengi hudhani huu ni urahisishaji tu kwa ajili ya wananchi. Mimi nauona zaidi kama urithi wa baraza la mtemi, yaani chifu wa jadi.

Usukumani mtemi hakuamua peke yake. Kulikuwa na banang'oma, wazee waliomweka kwenye kiti na walioweza kumwondoa, na chini yake banangwa waliosikiliza magomvi ya vijijini. Waingereza waliukuta mfumo huo wakaufunga kwenye sheria zao. Sheria ya mwaka 1926 ilimpa mtemi mamlaka ya kutoa amri na kukusanya kodi. Ile ya 1929 ikaziondoa mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa utawala. Hapo ndipo ubovu ulipoanzia: mtemi alitoa amri, kisha akamhukumu aliyeivunja. Aliyetaka kukata rufaa alipanda kwa mabwana shauri, yaani maofisa wa utawala wa kikoloni, hadi kwa Gavana, nao ndio waliokuwa wakubwa wa mtemi kikazi. Mawakili hawakuruhusiwa.

Mwaka 1951 mahakama hizo zilibadilishwa kuwa mahakama za mitaa, na juu kabisa ikawekwa Mahakama ya Kati ya Rufaa (Central Court of Appeal) kwa ajili ya mahakama hizo tu. Ngazi za katikati zilibaki kwa mkuu wa wilaya na mkuu wa jimbo. Kwa mkulima wa pamba wa Kwimba au Misungwi, kilichobadilika zaidi ni jina. Ukikuta hukumu ya miaka hiyo kwenye sanduku la familia, tazama kwanza tarehe na cheo cha aliyetia saini, maana ndivyo vinavyoonyesha ni ngazi ipi iliyoamua.

Mageuzi ya kweli yalikuja baada ya uhuru. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika Julai 1964. Mahakama ya mwanzo, ya wilaya na Mahakama Kuu zikawa ngazi za nyumba moja. Sheria ya sasa ni ya 1984, na ilipotungwa washauri walikuwa na kura: uamuzi ulikuwa wa walio wengi, kura zikilingana hakimu ndiye anayekata.

Faida ya kuunganisha ngazi ilionekana hapa Mwanza mwaka 1990. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kwa shilingi 300,000. Mahakama ya mwanzo ikasema mauzo ni batili, kwa kuwa kimila mwanamke hutumia tu ardhi ya ukoo. Mahakama ya wilaya ikatengua. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaungana na wilaya: mila ile inabagua, na Katiba inakataza. Ndugu wa ukoo akapewa miezi 6 kulikomboa shamba kwa bei ileile. Enzi ya mabwana shauri hoja kama hiyo isingekuwa na pa kuegemea.

Sasa mahali watu wanapoangukia. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda wilaya ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Mtu anasubiri nakala ya hukumu, karani anamwambia arudi wiki ijayo, siku zinakwisha. Nakala hiyo si sharti kuambatishwa kwenye rufaa inayotoka mwanzo! Andika sababu zako, wasilisha, nakala itafuata. Ukishachelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu za msingi. Kutoka wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 pia, lakini hati ya rufaa huwasilishwa kwenye mahakama ya wilaya iliyotoa uamuzi. Wengi huipeleka moja kwa moja Mahakama Kuu, kisha wanakutana na pingamizi la awali. Kwenda Mahakama ya Rufani, lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwamba ipo hoja ya kisheria.

Na shamba? Kesi kama ile ya 1990 leo haianzii mahakama ya mwanzo. Sheria ya 2002 iliihamisha migogoro ya ardhi kwenye mabaraza, na tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halihukumu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, mdai anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.