Je, Torati ni orodha ya sheria tu?

Wengi huamini kwamba Torati (vitabu vitano vya kwanza vya Biblia) ni kitabu cha amri, na kwamba anayeisoma hujifunza yaliyokatazwa, si kumjua Mungu. Dhana hii ina chanzo kinachoeleweka: tafsiri ya kale ya Kigiriki ililigeuza neno *torah* kuwa *nomos*, yaani sheria, na tafsiri nyingi zikafuata. Kwa Kiebrania, *torah* ni mafundisho au maelekezo.

Jipimie mwenyewe. Fungua Mithali 1:8 katika tafsiri mbili za Kiswahili: utakuta “sheria ya mama yako” au “mafundisho ya mama yako”. Kiebrania pale ni *torah* ileile, na mama hatungi sheria za nchi, analea.

Kisha soma Mwanzo. Katika amri 613 zinazohesabiwa na mapokeo ya Kiyahudi, kitabu hicho chenye sura 50 kina 3 tu kwa hesabu iliyozoeleka. Kilichobaki ni masimulizi.

Mahali pazito zaidi, kwa maoni yetu, ni Kutoka 33:13. Musa anaomba aonyeshwe njia za Mungu ili amjue. Jibu, katika 34:6-7, ni sifa: rehema, uvumilivu, kweli, na pia haki isiyomwachilia mkosaji. Wasomaji wengi hukosea kwa kukatiza katikati ya aya ya 7, wakabaki na nusu ya picha.

Wayahudi husoma Torati nzima kwa mwaka katika sinagogi, sehemu 54, na katika kujifunza mara nyingi huketi wawili wawili, wakiulizana na kubishana.