Pikipiki ya mipigo miwili: tatizo si oili peke yake

Wengi huamini kwamba pikipiki ya mipigo miwili (two-stroke), ambayo oili yake huchanganywa na petroli, huchafua hewa kwa sababu ya oili tu, hivyo ukiipunguza kwenye petroli kazi imekwisha. Si kweli, na oili ikipungua mno injini hukwama. Oili iliyozidi huleta ule moshi wa buluu, lakini uchafu mwingi hauonekani kwa macho: pistoni ikiwa chini, tundu la kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli na la kutolea moshi huwa wazi kwa pamoja, na petroli mbichi, pengine hadi thuluthi, hutoroka bila kuungua. Huko Vigan, Ufilipino, shirika la Envirofit lilifunga kwenye pikipiki za abiria mfumo unaopuliza petroli ndani ya silinda tundu la moshi linapokaribia kuzibwa. Moshi ulipungua, na madereva wakatumia mafuta kidogo.