Yoga kwa mwanamichezo: iwekwe wapi katika wiki ya mazoezi?

Wachezaji wanaofika katika kitengo chetu cha fiziotherapia hutuuliza kama yoga itawaongezea kasi uwanjani. Peke yake, haitawaongezea. Haijengi pumzi ya mbio wala haimpi mtu nguvu za miguu kama kubeba vyuma. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate kila wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani ya kuupa moyo kazi, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Yoga ya taratibu haichukui nafasi hiyo. Kazi yake ni kulegeza nyonga na vifundo vya miguu, kumzoesha mtu kusimama imara kwa mguu mmoja, na kumfunza kupumua vizuri mwili unapolalamika.

Kosa tunalokutana nalo sana ni la wakati. Vijana wanafika uwanjani, miili bado imepoa, wanalazwa chini wajinyooshe dakika nzima na zaidi kila upande, kisha firimbi inalia. Msuli ulioshikiliwa umenyooshwa kwa zaidi ya sekunde 60 hupungukiwa kidogo na nguvu za kuruka na kuchomoka kwa muda baada ya hapo. Kabla ya mechi chagua mikao inayofuatana bila kutulia, kama surya namaskar (salamu ya jua, mfululizo wa kuinama na kuinuka), mizunguko mitatu au minne, halafu mbio fupifupi. Mikao ya kukaa muda mrefu ingoje mwisho wa mazoezi, dakika kumi hivi, au siku ya mapumziko ambapo unaweza kufika nusu saa.

Upo mkao mmoja tunaoupendelea, hasa kwa madereva wa tuktuk na watu wa ofisini wanaocheza jioni, maana kukaa kutwa hukaza mbele ya nyonga. Piga goti la kulia kwenye mkeka, mguu wa kushoto uwe mbele, unyayo wote chini. Wengi hapa hutanguliza kifua na kubinua kiuno wakidhani wananyoosha nyonga, kumbe wanaoukunja ni mgongo. Kaza kwanza tako la kulia, kinena kiinuke kidogo kuelekea kitovuni, ndipo usogee mbele, sentimita chache tu. Ukisikia mvuto mbele ya paja la kulia, hapo hapo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara nane, kisha ubadilishe upande. Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo, na msuli nao huacha kubishana nawe.

Usitumie nguvu. Wiki za mwanzo kinachobadilika zaidi ni mfumo wa fahamu kuuzoea mvuto, si msuli kurefuka, na mfumo huo haulazimishwi.

Zipo studio ng'ambo zinazopasha chumba hadi nyuzijoto 40 hivi kwa ajili ya yoga. Mombasa joto hatulinunui! Mbio za nyika za dunia za mwaka 2007, zilizofanyika hapa kwenye uwanja wa gofu, ziliwaangusha wengi kwa joto na unyevu wa hewa. Hata bingwa wa Ethiopia, Kenenisa Bekele, aliachia njiani. Basi fanya alfajiri au jua likishapoa, na maji yawe karibu. Ukienda ufuoni Pirates, subiri maji yakupwe upate mchanga mgumu, na utafute mahali tambarare, maana pwani ikiinama nyonga moja hubeba mzigo kuliko mwenzake.

Wapo wanaosita kwa sababu za dini. Ni kweli, yoga imetoka India na ina mizizi ya kiibada, na baadhi ya walimu huanza kwa kuimba. Tunachoshauri sisi ni mikao na pumzi tu. Mweleze mwalimu mapema kile usichotaka kushiriki.

Mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa au glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) asisimame kwa kichwa wala mikao mingine ya kuinamisha kichwa chini kwa muda. Mjamzito amuulize mkunga au daktari wake. Na mkimbiaji anayeumwa pale chini ya tako, kwenye mfupa wa kukalia, asizidi kulinyoosha paja la nyuma hata kama anasikia nafuu ya dakika mbili. Mara nyingi hapo ni ukano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) uliochoka, na kuuvuta huuchokoza zaidi. Unahitaji kuimarishwa kidogo kidogo kwa mazoezi maalumu. Aje apimwe kwanza.